Siolewi na Siendi Konventi: Historia ya Mabikira wa Wakfu, Kutoka Carthage Mpaka Pwani ya Bagamoyo

Kati ya Mlandizi na Chalinze, kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Morogoro, kuna Vigwaza. Wengi wanaifahamu kwa sababu ya mizani. Malori yanapanga foleni, wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi, abiria wananunua maji na korosho, safari inaendelea.

Sasa chukua msichana wa hapo, Mkatoliki, ana miaka 25, ana cherehani yake na wateja wake. Siku moja awaambie ndugu zake: "Mimi siolewi." Kelele zitaanza. Mama atauliza nani kamfunga. Shangazi atataka apelekwe kwa mtumishi akaombewe roho ya kukataliwa. Mtu wa kanisani atajaribu kuokoa jahazi: "Basi aende usista." Naye ajibu: "Na siendi konventi. Nabaki hapahapa, na cherehani yangu."

Hapo ndipo kila mtu anachoka. Kwenye vichwa vya wengi, mwanamke Mkatoliki ana milango miwili tu, ndoa au usista. Nje ya hapo anaonekana amekosa bahati, au ana mambo yake anayaficha.

Ukweli ni kwamba mlango wa tatu upo. Una umri mkubwa kuliko konventi zote duniani, na ulifunguliwa mapema sana katika bara letu hilihili. Ukafungwa kwa mamia ya miaka, kisha ukafunguliwa tena mwaka 1970.

KWANZA, HAWA NI AKINA NANI?

Kanisa Katoliki linawaita mabikira waliowekwa wakfu. Ni wanawake ambao hawajawahi kuolewa, wanaoamua kuishi maisha yao yote bila mume kwa ajili ya Mungu, na askofu wa jimbo anawaweka wakfu kwa ibada maalumu. Siku hiyo anapewa pete, anaweza kupewa shela, na anakabidhiwa kitabu cha sala za Kanisa za kila siku.

Tofauti na masista ni kubwa. Hana mama mkuu, hana nyumba ya shirika, na havai sare ya utawa. Anaishi nyumbani kwake, anafanya kazi yake, kodi ya chumba ni yake na bili ya umeme ni yake. Anaweza kuwa mwalimu, nesi, mhasibu au fundi cherehani wa Vigwaza. Ukikaa naye kwenye daladala hutajua, labda uione ile pete.

HII KITU ILIANZA AFRIKA MAPEMA KULIKO UNAVYODHANI

Watu wakisikia ubikira wa kidini wanawaza Ulaya, majumba ya mawe na baridi. Sasa rudi nyuma mpaka karne ya 3, Carthage, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Tunisia. Askofu wa pale, Cyprian, aliwaandikia mabikira wa mji wake kitabu kizima kuhusu mavazi. Inaonekana baadhi yao walikuwa na hela na walipenda kuonekana. Walivaa dhahabu, walipaka nywele rangi, walihudhuria kila sherehe ya harusi na walioga kwenye mabafu ya umma. Cyprian hakufurahishwa, akawapa makavu yao.

Achana na ukali wake, angalia jambo lenyewe. Ile barua inathibitisha kwamba kabla ya kuwepo konventi yoyote tayari walikuwepo wasichana wa mjini, kwenye nyumba zao na mali zao, waliokubalika na Kanisa kama watu waliojitoa kwa Mungu.

Misri nako hali ilikuwa hiyohiyo. Antoni, yule anayeitwa baba wa watawa wa jangwani, alipoamua kuacha kila kitu, karibu mwaka 270, alikuwa na mdogo wake wa kike wa kulea. Alimkabidhi kwa mabikira aliowaamini. Maana yake, kabla baba wa watawa hajaanza utawa wake, mabikira walishakuwepo pale kijijini na wanajulikana. Ajabu ni kwamba jina la Antoni linajulikana dunia nzima, ila la mdogo wake aliyemwandika habari zake hakulitaja. Kumbuka hilo, maana litajirudia.

Na siyo kwamba dunia ya wakati ule iliwapigia makofi. Chini ya dola ya Roma binti alikuwa mali ya baba yake mpaka akabidhiwe kwa mume. Agnes, Lucia, Agata na Sesilia, ambao wasichana wengi wa Kikatoliki wa Tanzania wamebatizwa kwa majina yao, wanakumbukwa na Kanisa kama mabikira waliouawa. Binti aliyesema hataki mume alikuwa anaharibu mipango ya watu wengi.

Baadaye konventi zikaja na kuwameza. Kufikia karne za kati, aliyetaka kuishi hivyo alitakiwa kuingia nyuma ya ukuta. Mwaka 1927 Roma ilitamka wazi kwamba mwanamke anayeishi nje ya monasteri hawezi kupewa ile ibada ya zamani. Mwaka 1950 Papa Pius XII akasisitiza kuwa ibada ni ya watawa wa ndani tu. Mlango ukabaki umefungwa.

PWANI ILIKUWA NA MWALI

Wakati hayo yanatokea Ulaya, Uzaramo na Ukwere walikuwa na utaratibu wao kuhusu msichana. Akivunja ungo anawekwa ndani, anaitwa mwali. Anakaa ndani muda mrefu, anafundishwa, anatunzwa, haonekani hovyo. Alikuwepo na mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti chenye umbo la kike ambacho leo kinapatikana kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kilihusiana na mafunzo ya mwali na uzazi wake. Siku ya kumtoa, ngoma inalia, na baada ya hapo anayefuata ni mume.

Kuna jambo ambalo wengi wa mjini hawalijui. Wazaramo na Wakwere kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama. Kwa hiyo binti ndiye anayebeba ukoo, na asipozaa ukoo unakatikia kwake. Ndiyo maana neno "siolewi" lina uzito wa namna yake Pwani. Siyo suala la mahari peke yake. Anayesikia hilo neno ni bibi, na bibi wa bibi aliyeko kaburini.

Kwa hiyo anayemcheka mama wa Vigwaza kwa kulia binti yake akikataa ndoa, hajaelewa kitu. Yule mama ana hoja.

WASICHANA WASIO NA MAJINA

Desemba 1860 kundi dogo la wamisionari lilishuka Unguja likitokea kisiwa cha Réunion, likiongozwa na padre Armand Fava. Ndani yake walikuwemo masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa pale Desemba 1848, na tangu mwanzo lilipokea wanawake weupe na wanawake weusi waliotoka utumwani, wakae nyumba moja, wale meza moja. Kwa mwaka 1849 hilo lilikuwa bomu.

Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu, chini ya padre Anton Horner, walifungua misheni Bagamoyo, na masista wakavuka bahari kuja kuhudumia upande wa wasichana. Ukienda leo utaukuta ule mbuyu mkubwa, na jumba la zamani la masista ndilo lenye makumbusho.

Wasichana wenyewe walikuwa watumwa waliokombolewa. Wengine walinunuliwa sokoni na misheni, wengine walitolewa kwenye majahazi na manowari za Waingereza. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wazigua na wa makabila mengine mengi. Kwenye soko la Unguja msichana mzuri aliuzwa bei kubwa kwa sababu angeweza kufanywa suria. Kwa maneno mengine, tangu alipokamatwa mpaka alipofika, kitu kimoja hakikuwahi kuwa chake, nacho ni mwili wake.

Mmoja wao anajulikana kidogo, kwa sababu habari yake ilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Anaitwa Suema, msichana wa Kiyao. Mama yake alifuata msafara ili asiachane naye, akafia njiani. Suema alifika Unguja akiwa hoi, wakadhani ameshakufa au anakaribia, wakamzika kwenye shimo la kina kifupi. Mtu akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista. Habari inaendelea kwamba baadaye aliletewa majeruhi amhudumie, akamtambua kuwa ndiye mtesi wake wa njiani, na akamsamehe. Kuwa makini kidogo unaposoma kisa hiki. Kalamu iliyoandika ilikuwa ya mapadre, na wasomaji waliolengwa ni Wafaransa waliotakiwa kuchangia pesa. Ila yule mtoto na lile shimo havikutungwa na soko la watumwa la kwenye hadithi. Soko lile lilikuwepo, na lilifungwa mwaka 1873.

Wengine wote ni idadi tu. Na misheni ilikuwa na mipango yao. Kijana wa kiume aliyekombolewa na msichana aliyekombolewa wanaoana, wanapewa nyumba na shamba, wanaanzisha kijiji cha Kikristo. Vijiji vikazaliwa hivyo kuelekea bara, Mhonda na Mandera vikiwa miongoni mwake. Kwa wengi ilikuwa heri kubwa, kwani mtu aliyekuwa bidhaa sasa ana mume, watoto na mlango wa kufunga usiku. Lakini angalia upande wa msichana. Hakuwa na mjomba wa kupokea mahari wala bibi wa kumuuliza. Misheni ndiyo ilikuwa baba, mama na mshenga. Uhuru ulikuja, ila ratiba ya harusi ilikuja pamoja nao.

Ndani ya mazingira hayo, masista weusi wa Réunion walikuwa tangazo linalotembea. Wanawake wenye ngozi kama yao, baadhi yao wajukuu na watoto wa watumwa, wasio na bwana wala bwana wa kuwanunua, na wanaheshimiwa. Ukimwona mtu kama huyo kila asubuhi akipita na funguo mkononi, wazo linaweza kukuingia kwamba kumbe inawezekana.

MUNAKU, ALIYEBADILISHWA KWA BUNDUKI

Yule anayejulikana kwa jina na kwa uamuzi wake alikuwa Buganda. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alikuwa anawaua Wakristo. Tarehe 31 Mei, huko Mityana, aliuawa Noe Mawaggali, mmoja wa wale ambao leo tunawaita Mashahidi wa Uganda. Dada yake alikuwa anajifunza dini. Aliwafuata wauaji akilia, akitaka auawe pamoja na kaka yake kwa sababu naye ni wa dini hiyohiyo. Hawakumuua. Walimteka.

Aliyemteka alimtaka awe mke. Akakataa. Alifungwa na kuteswa, akakataa tena. Mwishowe yule bwana moyo ukalainika, akampeleka kwa Padre Lourdel, yule Waganda walimwita Mapeera, na mapadre wakamkomboa kwa bunduki na risasi zake. Akabatizwa Maria Matilda. Anakumbukwa kwa jina la Munaku, neno la Kiganda linalomaanisha maskini asiye na kitu.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala hii. Aliweka nadhiri ya ubikira yeye mwenyewe, binafsi. Hakukuwa na shirika la masista wazalendo la kujiunga nalo, konventi wala sare. Aliishi hivyohivyo, akifanya kazi za misheni. Shirika la kwanza la masista wa Kiganda, Bannabikira, lilikuja mwaka 1910, na wao wenyewe wanamhesabu Munaku kama aliyewatangulia.

Kwa lugha ya leo, Munaku alikuwa kile ambacho Kanisa halikuwa na ibada ya kukipa. Roma ilikuwa imefunga mlango, yeye akapita dirishani.

UKAJA WAKATI WA MASISTA

Miaka ya 1930 ndiyo ilikuwa ya masista wazalendo huku kwetu. Vikariati ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipata masista wake wa Moyo Safi wa Maria, wale wanaoitwa na wengi masista wa Mgolole, wakati wa Askofu Bernard Hilhorst. Wazazi wengi hawakufurahi. Kwa jamii ambayo binti ndiye mlango wa ukoo, kumpeleka konventi kulionekana sawa na kumzika.

Hata Anuarite wa Kongo, ambaye leo ni Mwenyeheri, alipanda kisirisiri lori lililokuwa linapeleka wasichana wa konventi Bafwabaka, maana mama yake hakutaka. Shirika lake lina jina la Kiswahili kabisa, Jamaa Takatifu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, kanali wa waasi wa Simba alimtaka kimapenzi. Alikataa, akauawa. Alikuwa na miaka 24. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Munaku na Anuarite wanafundisha jambo ambalo mitandao inalipindua. Watu wanadhani ubikira wa wakfu ni habari ya msichana kuogopa mwanaume au kuchukia mwili. Kwa hawa wawili ulikuwa ni kauli ya mtu anayesema mwili huu una mwenyewe, na mwenyewe ameshaamua. Mbele ya bunduki, hiyo siyo woga.

MLANGO UKAFUNGULIWA TENA

Tarehe 31 Mei 1970, tarehe ileile aliyouawa kaka yake Munaku miaka 84 kabla, Papa Paulo VI aliidhinisha ibada mpya ya kuwaweka wakfu mabikira, na safari hii ikawajumuisha wanawake wanaoishi uraiani. Mwaka 1983 Sheria ya Kanisa ikawapa kanuni yao, namba 604. Mwaka 2018 Vatican ikatoa mwongozo mrefu juu yao. Kwa makadirio ya wakati huo walikuwa zaidi ya 5,000 duniani.

Mwongozo huo ulizua mjadala mkali. Kuna aya inayosema kwamba kuwa na mwili usioguswa kabisa ni jambo lenye thamani, ila siyo sharti pekee linalomkatia mtu shauri. Wengine wakafurahi, wakikumbuka waliobakwa na waliokosea utotoni. Wengine, wakiwemo mabikira wa wakfu wenyewe wa Marekani, wakasema wamesikitishwa, maana neno bikira linapoteza maana. Mpaka leo hawajamaliza. Kilicho wazi ni kwamba aliyewahi kuolewa haruhusiwi, na aliyeishi hadharani kinyume cha usafi wa moyo haruhusiwi pia.

JE, MTU ANAJUAJE KAMA NI WITO?

Hapa ndipo pagumu. Kanisa halikurupuki. Kwa kawaida hakuna anayewekwa wakfu kabla ya miaka 25. Kuna kipindi cha maandalizi ya mwanzo cha mwaka mmoja au miwili, halafu malezi yenyewe ya miaka miwili mpaka mitatu. Ndani ya muda huo maswali ni mengi, na mengine yanauma.

La kwanza, unakimbia au unakwenda? Kama umeachwa na mchumba mwezi uliopita, ukasema "basi mimi na Mungu tu", hicho ni kidonda na kinahitaji muda. Kama baba alikuwa anampiga mama ukaapa hutaingia ndoani, hiyo nayo inahitaji kutazamwa kwanza. Mtu anayeona ndoa ni takataka hajaacha kitu chochote. Anayeweza kuwa mke mzuri, anayependa watoto, na bado anasukumwa na jambo lingine ndani yake, huyo ndiye anayesikilizwa.

La pili, utakula nini? Jimbo halikulipi mshahara. Uzee utakukuta, na malaria itakukuta pia. Wanaodhani ni njia ya kupata hifadhi watapata mshangao.

La tatu, unaweza upweke? Sista akirudi jioni anakuta wenzake mezani. Huyu anakuta kufuli.

La nne, nani anakuongoza? Huhitaji mtu anayekuambia ameoneshwa kwenye ndoto kwamba wewe ni wa Mungu, hasa kama huyohuyo anataka mkutane peke yenu usiku. Mambo haya yanakwenda mchana, kwa paroko, kwa mlezi anayeeleweka, na mwisho kwa askofu mwenyewe.

La tano ni la Pwani zaidi. Mama utamwambia nini? Hakuna kitabu cha Roma chenye jibu la bibi anayeuliza nani atabeba jina la ukoo. Wengine wanajibu kwa maisha, wanalea watoto wa dada zao, wanasomesha, wanauguza wazee, wanakuwa nguzo ya nyumba nzima. Wengine hawapati baraka ya mama mpaka anaingia kaburini. Njia hii ina gharama, na anayesema haina anadanganya.

BAGAMOYO IMEPATA ASKOFU TENA

Ile vikariati ya Bagamoyo ilihamisha jina mwaka 1953, ikawa Jimbo la Morogoro, na mji wa misheni ya kwanza ukabaki bila askofu wake. Tarehe 7 Machi 2025 Papa Fransisko alitangaza jimbo jipya la Bagamoyo, na Askofu Stephano Musomba akawa wa kwanza kuliongoza. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa habari ya makanisa tu. Kwa bikira wa wakfu ni habari kubwa, kwa sababu yeye hafungwi na shirika, anafungwa na jimbo. Askofu ndiye anayempokea, jimbo ndilo familia yake, na watu wa hapo ndio anaowaombea na kuwatumikia.

Kwa wale wasichana wa mwaka 1868 hapakuwa na fomu, mwongozo wala kanuni namba 604. Kuna waliofurahia ndoa zao kwenye vijiji vya misheni, na Mungu awabariki wajukuu zao waliojaa Pwani na Morogoro. Inawezekana kabisa kwamba kuna waliotaka kitu kingine, wakakosa pa kukisemea, wakaitikia tu siku ya harusi. Majina yao hayakuandikwa.

Wa leo ana jina. Ana simu, ana cherehani, ana kitambulisho cha NIDA. Anachokosa mara nyingi ni mtu mmoja wa kumsikiliza dakika kumi bila kumtafutia mume wala mganga.

Haya mdau, twende kwenye maoni. Binti yako au dada yako akikuambia siolewi na siendi konventi, utamjibu nini? Na wewe unayesoma hapa ukiwa na wazo hilo moyoni, nani wa kwanza utamwambia?